Tusinunue Betri Kabla ya Kupima

Miaka kadhaa iliyopita niliitwa na mkuu wa shule ya sekondari niliyosoma nikiwa kijana. Shule hiyo iko katika nyanda za juu za kusini mwa Tanzania, kiasi cha mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na wakati huo nguzo za gridi ya taifa zilikuwa bado hazijaifikia. Umeme wake ulitoka kwenye jenereta ndogo ya petroli iliyochaji betri nne kila jioni, na betri hizo ndizo zilizowasha taa za bweni na madarasa hadi asubuhi. Lalamiko lilikuwa moja. Jenereta ilinguruma saa sita kila siku, petroli ilikwisha, lakini wanafunzi wa kidato cha nne walipoamka alfajiri kujisomea walikuta taa zimefifia kama makaa yanayokufa.

Mkuu wa shule alisema, "Wewe ni daktari wa fizikia uliyesomea ng'ambo. Njoo utuambie tufanye nini."

Nilikwenda. Nilizitazama betri, nikaona ukungu mweupe kwenye ncha zake, nikauliza umri wake, nikajibiwa kuwa ni miaka miwili. Hapo hapo, mbele ya walimu, nikatamka kwamba betri zimekufa na hazina budi kubadilishwa. Wazazi wakachangishwa. Wapo waliouza mahindi yao kabla ya bei kupanda ili watimize mchango huo. Betri mpya nne zikanunuliwa, na zile za zamani zikauzwa kama chakavu. Baada ya mwezi mmoja taa zilianza kufifia tena alfajiri, vile vile kama zamani.

Aliyenipigia simu safari hii hakuwa mkuu wa shule, bali fundi mzee aliyekuwa akitunza mitambo ya shule tangu enzi zangu za uanafunzi. Nilimwamkia, "Shikamoo, mzee." Akaitikia, "Marahaba, mwanangu." Kisha akauliza kwa upole, "Hivi siku ile ulipokuja, ulipima?"

Sikuwa nimepima. Katika mfuko wangu siku ile hapakuwa na chombo chochote cha kupimia, ila kalamu. Makala haya nayaandika kwa ajili ya swali lile la fundi, kwa kuwa naamini ndilo swali ambalo shule zetu haziwafundishi vijana kuuliza, na ambalo sisi tulioaminiwa kuwa wataalamu tumezoea kuliruka.

Tulichokikuta tulipopima

Nilirudi shuleni nikiwa na multimita, pamoja na ammita ya kubana waya inayoweza kupima mkondo mnyoofu. Nilifuatana na mwalimu wa fizikia na wanafunzi wake sita. Betri zilikuwa za volti 12, kila moja ikiwa na uwezo wa ampea-saa 200, nazo ziliunganishwa sambamba. Kwa hiyo akiba yote ilikuwa ampea-saa 800. Chaja iliandikwa ampea 60. Nayo ilikuwa imefungwa ndani ya kibanda cha jenereta, mita 12 kutoka chumba cha betri, na waya wa shaba wenye unene wa milimita za mraba 10 uliunganisha sehemu hizo mbili.

Jenereta ilipowashwa, ammita ilionyesha kwamba mkondo unaoingia katika betri ni ampea 25 tu. Mwanafunzi mmoja aliweka voltimita kwenye ncha za chaja, akasoma volti 14.4. Mwenzake aliyekuwa katika chumba cha betri alisoma volti 13.1. Namba hizo mbili ndizo zilizofumbua fumbo lote. Volti 1.3 zilikuwa zikipotea njiani.

Hebu msomaji afanye hesabu pamoja nasi. Waya wa shaba wenye urefu wa mita moja na unene wa milimita moja ya mraba una ukinzani wa takriban omu 0.0175. Mkondo huenda na kurudi, kwa hiyo urefu wa waya wetu ni mita 24, si 12. Zidisha 0.0175 kwa 24, kisha gawanya kwa 10, utapata omu 0.042. Kwa mkondo wa ampea 25, sheria ya Ohm inatuambia kwamba volti 1.05 hupotea. Zile volti 0.25 zilizobaki tulizikuta kwenye viungo. Tuliweka ncha moja ya voltimita upande huu wa kiungo na nyingine upande wa pili, na kiungo kimoja chenye ukungu kikajitaja chenyewe.

Chaja haikuwa na kosa lolote. Ilifanya ilivyotengenezwa kufanya. Chaja ya namna ile hutoa mkondo mwingi hadi msongo wa umeme kwenye ncha zake ufike kiwango kilichowekwa, yaani volti 14.4, kisha huupunguza mkondo ili betri isichemke. Ilipofikisha volti 14.4 pale ilipofungwa, iliamini kwamba betri zinakaribia kujaa. Haikuwa na njia ya kujua kwamba mita 12 mbele yake betri bado zina njaa. Kwa hiyo jenereta ya watu ilikesha ikichoma petroli ili itoe kidogo.

Tiba yake haikuhitaji fedha nyingi. Tuliihamishia chaja karibu na betri, kwenye ukuta wa upande wenye hewa ya kutosha, wala si juu ya betri zenyewe. Tukaziunganisha kwa waya mfupi wa mita mbili wenye unene wa milimita za mraba 35. Ule mwendo mrefu tukauachia umeme wa volti 230 utokao kwenye jenereta, kwa waya mwembamba wa milimita za mraba 2.5. Wanafunzi walishangaa. Iweje waya mwembamba uwe bora kuliko mnene? Wakapiga hesabu. Mkondo katika waya huo, chaja ikifanya kazi kwa nguvu zake zote, ni ampea 7 hivi, na msongo unaopotea ni takriban volti 1.2. Hasara hiyo inakaribia kulingana na ile ya mwanzo. Lakini volti 1.2 katika 230 ni nusu ya asilimia moja, na volti 1.3 katika 14.4 ni asilimia 9. Nadhani siku ile walielewa, kuliko walivyoelewa kitabuni, kwa nini mashirika ya umeme husafirisha umeme kwa msongo mkubwa.

Tatizo la pili nyuma ya la kwanza

Ingekuwa hadithi nzuri kama mambo yangeishia hapo. Lakini chaja ilipopata njia nyeupe na kuanza kudai ampea 60, jenereta ilianza kugugumia na taa za ofisi zikayumba. Walimu wakanitazama. Safari hii sikusema neno kabla ya hesabu.

Ampea 60 kwa volti 14.4 ni wati 864. Chaja hiyo ya transfoma hupoteza kiasi cha moja ya tano ya umeme kwa joto, kwa hiyo huhitaji takriban wati 1,080 kutoka kwenye jenereta. Zaidi ya hayo, chaja za aina hii hazinywi umeme kwa mfululizo. Daiodi zake hufunguka tu pale wimbi la mkondo geu linapokaribia kilele, ambacho kwa umeme wa volti 230 ni kama volti 325. Hunywa kwa mafunda makubwa ya ghafla, kisha hutulia. Kwa sababu hiyo jenereta hubebeshwa mzigo mkubwa kuliko wati zinazotumika: kwa chaja yetu, karibu voltiampea 1,660. Na jenereta ikielemewa, kilele cha wimbi hubonyea kwanza. Voltimita ya kawaida inaweza kuendelea kuonyesha volti 230 au karibu yake, ilhali chaja, inayotegemea kilele, inakufa kiu.

Bamba la jenereta liliandikwa kVA 2, lakini maandishi madogo chini yake yalisema kwamba kwa kazi ya muda mrefu uwezo ni kVA 1.6. Juu ya hayo kuna mwinuko. Injini isiyosukumiwa hewa hupoteza takriban asilimia 1 ya nguvu zake kwa kila mita 100 za kupanda, kwani hewa ya huko juu ni nyepesi na oksijeni ya kuchomea mafuta ni chache. Kwa mita 2,000 hasara hiyo ni moja ya tano. Kwa hiyo injini ambayo Dar es Salaam ingetoa wati 1,600, pale shuleni ilitoa 1,300 hivi. Chaja peke yake ilitaka 1,080, na kompyuta na taa za ofisi zilitaka 300. Kila mwanafunzi aliweza kujumlisha.

Tukapunguza mkondo wa chaja hadi ampea 45. Jenereta ikatulia. Matumizi ya shule yalikuwa kama ampea-saa 180 kwa siku. Zamani saa sita za ampea 25 zilitoa ampea-saa 150, na baada ya kutoa hasara ya ndani ya betri zilibaki 130 au pungufu. Betri zilikuwa zikidaiwa zaidi ya zilivyolipwa, kila siku ya Mungu. Sasa saa tano za ampea 45 hutoa 225, na baada ya hasara hubaki 190 hivi. Shule ilipunguza saa moja ya petroli, na taa zikawaka mpaka kengele ya asubuhi.

Tena tulielewana kwamba mara moja kila wiki jenereta iendeshwe muda mrefu zaidi, hadi betri zijae kabisa. Betri ya risasi na tindikali, ambayo Mfaransa Gaston Planté aliivumbua mwaka 1859, ina tabia hii: inapotoa umeme, sahani zake hufunikwa na salfeti ya risasi. Ikichajiwa upesi na kikamilifu, salfeti hiyo huyeyuka. Ikiachwa nusu kwa majuma na miezi, hugeuka fuwele ngumu zisizoondoka tena. Kwa hiyo inawezekana betri zile za kwanza zilikuwa zimechoka kweli, kama nilivyosema. Lakini kilichozichosha hakikuwa umri. Zilidhoofishwa na waya, nami niliagiza betri mpya nne ziletwe kwenye waya ule ule.

Hoja yangu kwa walimu

Nchini mwetu jambo hili si la shule moja. Zahanati, misheni, vituo vya utafiti katika hifadhi, visiwa vya ziwani na nyumba nyingi za watu binafsi huishi kwa jenereta na betri, na siku hizi kwa paneli za jua zikisaidiwa na jenereta wakati wa masika. Betri za litiamu nazo zimeingia, zenye tabia tofauti za kuchajiwa. Lakini waya bado ni waya, na hesabu ya Ohm haikubagua betri. Popote pale, chaji inapokuwa dhaifu, utaona desturi ile ile: hununuliwa betri, kisha jenereta kubwa zaidi, kisha chaja nyingine. Vifaa hubadilishwa mmoja baada ya mwingine mpaka fedha ziishe au bahati itokee. Kupima huja mwisho, kama huja.

Kwa nini? Nathubutu kusema kwamba sisi walimu tuna sehemu yetu katika lawama hii. Katika mitihani yetu huchorwa betri isiyo na ukinzani wa ndani, iliyounganishwa kwa waya usio na ukinzani, nayo huwasha taa isiyobadilika. Mwanafunzi hupata alama zote, kisha hupita mbele ya chumba cha betri cha shule yake miaka minne bila kuingia ndani. Sheria ya Ohm anaijua kwa Kiingereza cha darasani. Fundi wa shule anaijua kwa mikono, naye huiita "umeme kuchokea njiani". Wawili hawa hawajakutanishwa wakazungumza. Mimi mwenyewe nilisafiri hadi ng'ambo nikarudi na shahada ya udaktari, na bado nilihitaji kuulizwa na fundi huyo kama nilipima.

Napendekeza, basi, kwamba kila shule yenye betri ifanye chumba chake cha betri kuwa sehemu ya maabara. Kwa kuanzia, vipimo vinne vyatosha.

Cha kwanza, kabla ya kuchaji na baada ya betri kupumzika saa kadhaa bila mzigo, pima msongo wa kila betri. Betri ya volti 12 iliyojaa husoma takriban 12.7; iliyo nusu husoma 12.2 hivi, iliyokwisha husoma chini ya 12. Kama betri ina vifuniko vya kufunguka, tumia haidromita katika kila seli: karibu 1.26 ikijaa na karibu 1.12 ikiwa tupu. Seli moja iliyoachwa nyuma sana na wenzake watano ndiyo mgonjwa, na hapo ndipo neno "betri imekufa" linapoweza kutamkwa kwa haki.

Cha pili, wakati wa kuchaji, pima msongo kwenye ncha za chaja na kwenye ncha za betri kwa wakati mmoja. Tofauti yake ndiyo hasara ya njia. Ikizidi asilimia 2 au 3, tafuta waya mwembamba, njia ndefu au kiungo kibovu.

Cha tatu, pima mkondo, uuandike kila baada ya nusu saa. Mkondo unaoanza juu na kushuka pole pole betri inapojaa ni wa kawaida. Unaoanza chini tangu mwanzo, ilhali betri ni tupu, una sababu yake.

Cha nne, pima msongo na masafa ya jenereta ikiwa haina mzigo, kisha ikiwa na mzigo. Zote mbili zikishuka sana, injini imeelemewa au inazunguka pole pole.

Vipimo hivi viandikwe katika daftari moja linalokaa ukutani. Daftari la miezi mitatu litasema mengi kuliko mtaalamu mgeni wa siku moja.

Najua pingamizi litakalotolewa, nalo ni la haki: chumba cha betri ni mahali pa hatari. Betri inayochajiwa hutoa haidrojeni, ambayo ikifikia asilimia 4 katika hewa yaweza kulipuka kwa cheche moja. Tindikali huunguza ngozi na hupofusha macho. Spana ikiangukia ncha mbili za betri huyeyuka kwa sekunde chache. Na volti 230 huua. Kwa hiyo mwanafunzi asiingie bila mwalimu na fundi. Avae miwani, avue pete na saa. Madirisha yawe wazi. Na upande wa volti 230 upimwe na fundi au mwalimu mwenye ujuzi, wanafunzi wakitazama. Lakini hatari si sababu ya kufunga mlango. Kemia nayo ina tindikali, na hatukuifuta katika ratiba. Anayefundishwa hatari mbele ya mwalimu ana usalama kuliko yule atakayekutana nayo baadaye, peke yake, nyumbani kwake.

Pingamizi la pili ni gharama. Multimita ya kawaida na haidromita kwa pamoja ni nafuu kuliko betri moja kubwa. Wafadhili na wafanyabiashara wanaofunga mitambo shuleni nao wakumbushwe kwamba mtambo uliokabidhiwa bila chombo cha kuupimia haujakamilika kukabidhiwa.

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Katika sayansi kupima ni namna ya kukiuliza kitu chenyewe, nacho hakina adabu ya kumficha daktari makosa yake. Wazazi wa shule ile hawakunidai fedha za mahindi yao, wala sikuweza kuzirudisha zote. Nilichoweza ni kununua multimita na kuiacha kwenye msumari katika chumba cha betri, chini ya ulinzi wa fundi mzee. Nilipopita tena mwaka uliofuata daftari lilikuwa limejaa hati za wanafunzi, na betri zilikuwa zile zile.